Sanduku la Pointi

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Nimeapa mbele ya mke wangu, ambaye ameketi upande wa pili wa meza hii anachambua maharage na kujifanya hasomi. Masharti yetu ni mepesi: chumvi ruksa, uongo marufuku. Nikisema nilipanga foleni mpaka ndevu zikagusa sakafu, hiyo ni chumvi, atanisamehe. Lakini akinikuta na uongo hata mmoja, pikipiki yangu si yangu tena. Dhamana hiyo aliichagua yeye. Mimi nilikuwa nimependekeza kuosha vyombo.

Pikipiki yenyewe niliinunua kwa kiinua mgongo, siku nilipostaafu ufundi wa lifti. Maisha yangu yote niliwapandisha watu ghorofani, mwenyewe nikabaki chini shimoni na grisi yangu. Lifti ya hospitali ilipokatika waya niliizuia kwa mabega mpaka mama mmoja akajifungua humo ndani, tena pacha.

“Chumvi,” amesema mke wangu bila kuinua macho.

Sawa. Wiki hiyohiyo benki wakanipa kadi ya mkopo. Ofisa mwenye tai alinieleza kwamba kila nikilipia kitu kwa kadi ile nitapata pointi, na pointi zikijaa, shirika la ndege litanipa kiti bure. Nilimwomba alirudie lile neno la mwisho. Alilirudia. Nilitoka pale nikiwa mgonjwa, na daktari wa ugonjwa ule hajazaliwa.

Nilianza na bili za maji na umeme. Pointi zikawa zinaingia kwa kudondoka kama bomba bovu, nikaona nitakufa sijapanda hata ngazi ya ndege. Nikahamia supamaketi. Nilikuwa nasimama karibu na keshia, nikimwona mtu ana noti mkononi namsogelea: “Dada, nipe hizo noti, mimi nikulipie kwa kadi. Hupungukiwi kitu.” Noti nazikimbiza benki, nafunga deni la kadi kabla riba haijanusa. Watu wakanizoea, wakanibandika jina: Mzee Pointi. Nimelipia mabati ya watu, matairi ya watu, jeneza la mtu. Nimelipia viti mia sita vya harusi ambayo sikualikwa.

Na mdomo wangu haukulala. Kila aliyekaa karibu nami alihubiriwa: wajinga wananunua tiketi, wenye akili wanaruka kwa pointi. Mke wangu nilimwahidi kiti cha dirishani. Alikuwa akicheka, lakini nilimwona siku moja anapima kitambaa cha gauni la safari.

Alikuwa na mtu mmoja tu wa kuruka kwenda kumwona: dada yake mkubwa. Mama yao alifariki mke wangu akiwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo uliombeba toka siku hiyo ni wa huyo dada. Baadaye dada akaolewa mbali, nchi ya pili baada ya kuvuka ya kwanza. Mara ya mwisho wameonana, kitindamimba wetu alikuwa hana meno. Sasa hana nywele.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Siku moja shirika la ndege likanitumia ujumbe kwenye simu: pointi zako zitakufa mwisho wa mwezi usipozitumia. Zitakufa! Mtu mwenye akili angekwenda kuuliza. Mimi jasho lilinitoka, nikafungua ukurasa wa zawadi, nikaliona sanduku. Magurudumu manne. Kufuli ya namba. Rangi ya damu ya mzee. Nikajiambia, safari huanza na sanduku. Nilichukue hili, pointi za tiketi zitaota tena kama kucha. Nikabonyeza. Sanduku likaja, pointi zikaenda. Nikalificha stoo nyuma ya makopo ya rangi, nimshangaze siku ya kuondoka.

Miezi mitatu baadaye, Jumatatu asubuhi, dada akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kila maneno mawili anapumzika. Moyo. Ijumaa asubuhi wanampasua.

“Mdogo wangu,” alisema, “sitaki maua. Nataka nikuone kabla hawajanilaza. Nikushike tu mkono, halafu wafanye wanavyotaka.”

“Nakuja, dada.”

Alikata simu, akanigeukia. Usoni hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

“Bahati nzuri una pointi,” alisema.

Nilifungua mdomo niseme. Na mdomo wangu, uliozoea kazi yake, ukajibu: “Zipo. Anza kukunja nguo.”

Nilipanda pikipiki mpaka ofisi ya shirika la ndege. Binti wa dirishani aliichungulia kompyuta yake, akaichungulia tena, akaniangalia kwa huruma.

“Baba, zilizobaki ni chache.”

“Hizo chache zinafika wapi?”

“Hazifiki, baba. Zinatosha kalamu.”

“Hata katikati ya njia? Mshusheni popote, atamalizia kwa miguu.”

Alicheka, akaona mimi sicheki, akaacha.

“Basi lirudisheni sanduku,” nilisema. “Halijaguswa. Bado linanuka kiwanda.”

“Zawadi hairudishwi, baba.” Akainamisha kichwa karibu na kioo. “Ila kesho jioni kuna ndege inayokwenda moja kwa moja. Viti vipo. Kwa pesa.”

Pesa sikuwa nayo. Lakini nje ya mlango ule kulikuwa na kitu cha kuuzwa, kimesimama kwa mguu mmoja juani, tangi linang'aa, nimelipaka nta mwenyewe. Nilikiangalia. Kikaniangalia. Nikakiwasha, nikaondoka nacho.

Jumanne nilikuwa supamaketi kabla walinzi hawajafungua mlango. Mpango wangu ulikuwa kukusanya kwa siku moja kilichonichukua miaka. Zamani nilikuwa natongoza wateja kwa utani. Siku ile nilikuwa naomba.

“Mama, nakusihi, nikulipie mimi.”

“Maziwa tu haya, mzee.”

“Hata maziwa. Hata nusu ya maziwa.”

Alilikumbatia boksi lake kama mtoto, akahama foleni. Nikamfuata mwanaume mwenye toroli limejaa mchele, nikamshika mkono wenye noti, na nadhani sikuuachia haraka inavyotakiwa. Mlinzi akanidaka ukanda wa suruali kwa nyuma, nikasimama kwa vidole.

“Mzee Pointi, leo umezidi. Watu wanasema unawapora.”

“Ndege inaondoka jioni, mwanangu. Niache nilipie huyu mmoja tu.”

“Ndege ya nani?”

Alinitoa nje, lakini kwa adabu, akaniokotea na kofia. Nikaketi kwenye ngazi nikapiga simu benki, niulize nilizozipata tangu asubuhi zitahesabiwa saa ngapi. Dada wa huko akanieleza kwa sauti tamu kwamba pointi huingia baada ya taarifa ya mwezi.

“Mwezi upi?”

“Huu, mzee. Ukishaisha.”

Ukishaisha, shemeji yangu atakuwa ameshatoka hospitali kwa miguu yake au kwa mabega ya watu.

Nilirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amepiga pasi nguo zote, amezipanga kitandani. Gauni la safari limelala juu ya zote, vifungo vimefungwa.

“Vipi?”

“Zipo njiani.”

“Ndege saa ngapi?”

“Watapiga simu.”

Tukaiweka simu katikati ya meza, tukaketi tunaiangalia kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa majina. Jua lilipoanza kushuka, ndege ikapita juu ya bati letu, mpaka vikombe vikatetemeka. Mke wangu akainua uso.

“Ile inakwenda wapi?”

“Sijui,” nikasema.

Nilijua. Nilijua mpaka namba ya viti vilivyokuwa vitupu.

Jumatano aliingia stoo kutafuta kamba ya kufungia mfuko wake wa nguo. Nikasikia makopo yanaanguka. Halafu nikasikia magurudumu, laini kabisa, yanakuja ukumbini.

“Hili nini?”

“Sanduku.”

“Naona kuwa si mbuzi. Limetoka wapi?”

Lilikuwa na nembo ya shirika la ndege ubavuni, kubwa kama sahani. Aliipapasa kwa kidole. Mke wangu alishona miaka yote tuliyooana. Mtu akiingia na suruali anajua wapi iliwahi kuchanika. Sikuhitaji kumwambia lolote.

“Zimebaki za nini?” aliuliza.

“Za kalamu.”

Akakaa juu ya sanduku. Hakupiga kelele, na laiti angepiga.

“Umembadilisha dada yangu kwa sanduku,” alisema.

Kisha akachungulia dirishani, pikipiki ilipoegeshwa, akarudisha macho kwangu. Mimi nikainama kutafuta ndara zangu, ambazo nilikuwa nimezivaa. Akaamka, akaifuta vumbi cherehani yake, akamwita jirani yetu anayeshona mapazia, ambaye siku zote aliitamani. Wakaibeba watu wawili. Pale ilipokuwa pakabaki alama nne sakafuni, vishimo vya miguu ya meza yake.

Kwa pesa ile alipata tiketi ya Alhamisi, ndege mbili, na kusubiri kurefu katikati. Ya moja kwa moja ilikuwa imekwenda. Aliondoka na sanduku la damu ya mzee kwa sababu mfuko ulikuwa umepasuka. Uwanjani hakuniaga. Alisema tu, “Funga gesi ukilala.”

Na alifika! Alifika Ijumaa kunakucha, dereva wa teksi alipita juu ya magari mengine, akashuka hospitali akakimbia ukumbini na sanduku linatoa cheche kwenye vigae. Akamkuta dada kitandani anasukumwa kwenda kupasuliwa. Akamshika mkono. Dada akasema, “Umekuja,” akatabasamu, mlango ukafungwa. Wakampasua, akapona, na mpaka leo anakula pilipili. Kwa hiyo mwisho wa yote hakikuharibika kitu.

“Hapa,” amesema mke wangu.

Sikumwona akiinuka. Amesimama nyuma ya bega langu, kidole chake kimeweka punje ya haragwe juu ya mstari.

“Hapo pana nini?”

“Pana uongo.”

“Chumvi tu, mama. Mambo ya cheche…”

“Cheche nakuachia. Na teksi nakuachia. Toa mkono.”

“Mkono upi?”

“Ulioshikwa. Nani alikuambia nilimshika mkono?”

Hakuna aliyeniambia. Niliwaambia watu hivyo siku ile ile, kabla hata hajapiga simu, na aliporudi nikawa naisimulia mbele yake, naye anapita na sinia la vikombe bila neno. Nikadhani ndivyo ilivyokuwa.

“Nilifika saa nne,” amesema. “Walikuwa wameshamwingiza. Mlango wenyewe ni wa chuma, hauna hata kioo. Nilikaa kwenye benchi mpaka jioni, nimeshika mpini wa sanduku lako. Mkono nilioushika ndio huo.”

Nimeacha kuandika. Amegonga meza: “Andika.” Nimeandika.

“Alipoamka akasema nini?”

“Aliuliza nilikuwa wapi.”

“Ukamwambia nini?”

“Kwamba ndege ilichelewa.” Amekaa, amevuta sufuria ya maharage. “Hajawahi kunisikia nikisema uongo, akaamini. Mpaka leo kila tukiongea analilaani hilo shirika. Nami naitikia.”

“Mbona hujanisahihisha muda wote huu?”

“Nilikuwa naona unavyolala vizuri.”

Kusikia hivyo nilitamani anipige na sufuria. Nimeingia chumbani nikatoa funguo, nikaziweka mezani kando ya maharage. Hakuzigusa. Amesema, “Mimi nitaenda wapi na pikipiki? Peleka panapohusika.”

Kwa hiyo kalamu niliiweka chini, na haya ya mwisho nayaandika baada ya kurudi. Niliisukuma pikipiki mpaka kwa jirani mshona mapazia, sikuiwasha, sikujiona nina haki ya kuiwasha. Alikuwa mlangoni na futi shingoni.

“Shemeji, imeharibika?”

“Nzima kabisa. Mpe mumeo. Nipe cherehani.”

Aliizunguka, akabonyeza kiti, akabonyeza tairi.

“Mzee Pointi, kuna mtego gani hapa? Kesho utaniambia kuna kadi.”

“Hakuna kadi.”

“Mkeo ameshakukamata, eh?” Akacheka mpaka akashika kizingiti. Kisha akaniona vizuri, akaita watu wa kuipakia. “Ichukue. Nimeishonea mapazia ya mtaa mzima, lakini haikuwahi kunizoea. Uzi ulikuwa unakatika makusudi.”

Nimerudi nayo kwenye mkokoteni wa kukodi, mwenye mkokoteni akishika mbele, mimi nasukuma nyuma, na watu niliowahubiria miaka yote wakiuliza kutoka vibarazani kama nimeipata kwa pointi. Tumeishusha ukumbini. Nilidhani itabidi tupime, lakini miguu imeshuka kwenye vile vishimo vinne yenyewe, kila mmoja na chake.

Mke wangu ametunga uzi, amekanyaga mara mbili, amesikiliza. Kisha amechukua karatasi hizi na kuzipitia tena zote, kidole juu ya kila mstari.

“Andika kwamba umerudi kwa miguu,” amesema.

Nimerudi kwa miguu. Na hiyo si chumvi.