Barua Ambayo Profesa Hakuisoma

Katika idara ile ya saikolojia walimu walikuwa saba, lakini mwenye muhuri alikuwa mmoja, na wala hakuwa mwalimu. Alikuwa katibu muhtasi. Wanafunzi walimwita Mama Muhuri, maana hapakuwa na karatasi iliyotoka mlango ule bila kupita mikononi mwake. Mkuu wa idara mwenyewe, profesa mmoja mpole mwenye miwani mizito, hakujua hata bahasha zinakaa droo gani.

Sasa huyo profesa alikuwa na lake. Kila mwaka, msimu wa kuomba nafasi za shahada ya uzamili ukifika, vijana walimiminika kwake kutaka barua za mapendekezo, naye hakuwa na roho ya kumnyima mtu. Alimshika kijana bega, akamwambia, "Barua yako itakuwa nzuri sana, utaona." Kisha akafungua mlango akasema, "Katibu, mwandikie huyu." Basi, kazi kwake imekwisha. Jumanne saa nne, baada ya chai, katibu aliingia na rundo la barua zilizopishanishwa ili ionekane sehemu ya saini tu, na mzee akazisaini moja moja huku akisimulia habari za goti lake. Miaka kumi na moja hakusoma hata moja. Siku moja katibu, kwa uchokozi wake tu, alichomeka sentensi kwamba mwombaji fulani ana kipaji cha kupiga mluzi huku anatafuna. Ikasainiwa, na goti likaendelea kusimuliwa. Ilibidi aichape upya mwenyewe kabla haijamwaibisha mtoto wa watu.

Lakini msidhani mama yule aliandika ovyo. Alikuwa na jicho, tena jicho la kazi. Aliandika alichokiona pale mezani kwake: kijana huyu akiulizwa asichokijua hukiri mapema; binti huyu akisikiliza hagusi simu; yule ana akili nyingi, ila apewe msimamizi asiyemwogopa. Hakumvika mtu kilemba cha ukoka. Na wanafunzi wale walipata nafasi, wakaenda, wakasifiwa, na sifa zikarudi kwa profesa kwamba hakuna anayewajua wanafunzi wake kama yeye. Mzee alizipokea kwa unyenyekevu mkubwa.

Wakati huohuo katibu naye alikuwa akisoma. Darasa la jioni, somo moja moja, miaka saba, mpaka akaipata shahada yake ya kwanza akiwa na miaka arobaini na minne. Idarani hakumwambia mtu. Alichotaka kilikuwa kimoja: kozi ya uzamili ya saikolojia ya ushauri katika chuo cha upande wa pili wa mji. Wanachukua watu kumi na wawili, tena kwa kuruka mwaka: mwaka huu ndiyo, mwaka ujao hapana. Alijijua. Akikosa mara hii, baada ya miaka miwili angejiambia amezeeka, na maneno hayo angeyaamini.

Fomu ilitaka barua mbili. Ya kwanza aliandikiwa na mwalimu wake wa jioni. Ya pili ilitakiwa itoke kwa mkuu wake wa kazi, na mkuu wake wa kazi mnamjua.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza mdogo wake, fundi wa nywele, ambaye alikuwa anamsuka Jumapili hiyo na kumvuta kichwa kama anang'oa magugu. "Jiandikie. Sema wewe ni malaika. Unamchomekea Jumanne, anasaini, umemaliza."

"Nimejaribu tangu juzi. Nikifika 'mwombaji huyu ni mtu wa', naona haya, nafuta."

"Kwa nini basi usimwombe aandike mwenyewe?"

Mdogo mtu akavuta msuko mwingine kwa nguvu, lakini jibu halikutoka.

Jumatatu mchana, ofisi ikiwa tupu, alikaa mbele ya kompyuta na karatasi yenye nembo ya idara. Alikuwa amekasirika bila kujua amemkasirikia nani, na hasira ikamfungua mikono. Aliandika hivi:

"Mimi niliyesaini hapa chini sijaisoma barua hii. Kwa miaka kumi na moja sijasoma barua yoyote niliyowatumia. Zote ziliandikwa na mwombaji huyu, katibu wangu. Kama barua zangu zimewahi kuwasaidia kuchagua watu, basi mmekuwa mkimsoma yeye. Siwezi kuwaambia yeye ni mtu wa namna gani, kwa sababu sijawahi kuulizwa swali hilo bila yeye kunijibia. Wenu katika kazi."

Akaisoma, akacheka peke yake mpaka akashika meza. Mzee akiisoma, barua ni uongo, na yeye katibu amefukuzwa kazi. Asipoisoma, kila neno ni kweli. Akaichapa, akaiweka ya tano katika rundo.

Jumanne saa nne alisimama pembeni ya meza, akihesabu. Ya kwanza ikasainiwa. Ya pili. Profesa alikuwa anaeleza jinsi daktari alivyomwandikia mazoezi ya kupanda ngazi. Ya tatu. Ya nne. Ilipofika ya tano, mzee akasita, kalamu juu.

"Katibu," akasema.

"Abee, Profesa."

"Hivi ngazi za hapa kwetu ni ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Ahaa," akasema mzee, akasaini.

Sasa hapo ungetegemea afurahi. Alitoka, akafunga mlango, akakaa, akaitazama saini ile, na moyo ukamwuma. Alikuwa amemtega mtu akitaka asinase, na amenasa. Hakuwa na muda wa kulia. Maombi yalifungwa saa kumi jioni ileile. Akapiga muhuri, akaipeleka barua mwenyewe.

Wiki tatu baadaye aliitwa kwenye usaili. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, mmoja wa wale ambao wakikuuliza "hujambo" unaanza kutafuta kosa lako. Walimuuliza maswali ya kawaida, akayajibu vizuri. Kisha mwenyekiti akaitoa barua kwenye faili, akailaza mezani, na wenzake wawili ghafla wakaona kitu cha kutazama dirishani.

"Dada, utaratibu wetu ni kumpigia mdhamini simu," akasema. "Leo tutampigia ukiwepo."

Simu ikawekwa sauti ya wote wasikie, na profesa akapokea akihema. Bila shaka alikuwa kwenye ngazi.

"Profesa, tuna barua yako hapa kuhusu katibu wako."

Profesa akapekua kichwa, akakuta hakuna kitu. Lakini mzee alikuwa mkongwe wa mambo hayo. "Naam," akasema. "Mtu safi sana huyo."

"Uliyoyaandika unayathibitisha?"

"Kila neno nimelipima mwenyewe."

"Hata sentensi ya kwanza?"

"Hasa hiyo."

Mjumbe wa kushoto alijifanya anakohoa. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma taratibu: "Mimi niliyesaini hapa chini sijaisoma barua hii." Akaendelea mpaka mwisho, bila kuruka hata nukta.

Kwenye simu ukasikika mlango ukifungwa na kiti kikivutwa.

"Hilo nalo," akasema profesa hatimaye, "ni kweli."

Mjumbe wa kushoto akatoka nje kabisa.

"Katibu yupo hapo?"

"Nipo, Profesa."

"Kwa nini hukuniambia unaomba chuo? Mimi ningekukatalia?"

Wakati wote wa safari ya kuja alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Lakini swali hilo lilikuwa ndilo lile la mdogo wake, na safari hii jibu lilitoka lenyewe.

"Niliogopa ungekubali," akasema. "Ungenishika bega, ukaniambia itakuwa nzuri sana. Halafu ungefungua mlango ukaniambia nijiandikie. Hapo ningejua kwamba miaka kumi na moja nimekaa mbele ya macho yako na huna hata neno moja la kwako juu yangu. Nikaona heri nisijue."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaagana na mzee kwa adabu, akakata simu. Kisha akakunja miwani yake.

"Barua za idara yenu zimekuwa zikitufikia miaka mingi," akasema. "Hatujawahi kumchukua mtu kwa maneno hayo tukajuta. Mwandishi wake tungempenda hapa. Ila mtu hajidhamini mwenyewe, hata kwa ukweli. Ijumaa saa kumi nataka barua ya profesa, kwa mkono wake, ukurasa mmoja. Isipokuja, nafasi ni ya mwingine. Na wewe usimsaidie hata kuweka mkato."

Jioni ile mwenyekiti alimpigia profesa akampa masharti yaleyale. Kesho yake, siku ya Jumatano, profesa alipita mezani kwa katibu, akajifungia ofisini. Kilichosikika ni karatasi kuchanwa. Baada ya saa nzima mlango ukafunguka kidogo.

"Huwa tunaanzaje?"

"Siruhusiwi kusema, Profesa."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Mlango ukafungwa. Alhamisi karatasi zilichanwa tena, na vijana wawili waliokuja kutaka barua waliambiwa na mzee mwenyewe, kwa sauti ambayo hawakuijua, warudi wiki ijayo na wajiandae kuulizwa maswali. Katibu aliuma midomo. Alijua barua nzuri inavyoandikwa, alijua mzee hajui, na alijua kesho ni Ijumaa. Mara tatu alinyanyuka kwenda kugonga, mara tatu akarudi kukaa.

Ijumaa saa tano mzee alichungulia tena. Nywele zilikuwa zimesimama na shati lilikuwa na wino mfukoni.

"Sikuombi msaada," akasema. "Nataka kuhakikisha tu. Vile viti viwili vya wageni, pale mezani kwako. Mwanafunzi mmoja wewe humpa kile kinachoangalia dirisha, mwingine humpa kile kinachoangalia mlango. Kile cha dirisha si huwa ni cha wanaokuja kulia?"

Katibu aliacha kuchapa. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mdogo wake.

"Ndiyo, Profesa."

"Ili wapate pa kutazama."

"Ndiyo."

"Nilidhani hivyo," akasema mzee, akarudi ndani.

Saa nane alitoka na bahasha iliyofungwa kwa gundi ya kutosha kubandika mlango. Katibu akanyoosha mkono kuipokea, maana ndiyo mazoea. Mzee akaikumbatia. Akauchukua muhuri mezani, akaugonga mwenyewe, mara ya kwanza kichwa chini miguu juu, mara ya pili sawasawa, akavaa kofia.

"Nitaipeleka mimi. Hii si ya kusoma wewe," akasema, na ukamsikia akishuka zile ngazi ishirini na mbili, moja moja, na goti lake lile.

Jumatatu asubuhi simu ya idara ililia. Ilikuwa ile sauti ya taratibu. Nafasi ameipata, masomo yanaanza mwezi ujao, alete vyeti vyake halisi. Katibu akashukuru, akaandika tarehe kwenye kalenda, akataka kukata simu.

"Dada, jambo moja zaidi," akasema mwenyekiti. "Mwambie mzee wako tulimwomba ukurasa mmoja. Ametujazia saba."