Breki za Kijiko cha Baba Mkwe

Kijiko kiligonga kibanda cha mlinzi, na mlinzi alikuwamo ndani anakunywa chai. Hakuumia, ila chai yote ilimwagika na kibanda kikahamia upande wa pili wa geti. Nikaitwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nimezitengeneza breki zake.

Kwa asiyekijua, kijiko ni lile tingatinga lenye koleo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Dereva wa hiki ni baba mkwe wangu. Amekiendesha tangu mke wangu yuko shule ya msingi, na mpaka leo anashangaa binti yake aliona nini kwangu. Ananiita "fundi", kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

"Fundi," aliniambia siku hiyo, "breki zako hazishiki."

"Zangu, Baba?"

"Si wewe uliyezifunga?"

Ni kweli nilizifunga. Mwanzoni mafuta ya breki yalikuwa yanapungua, na chini hakuna hata tone. Mafuta hayapai mbinguni. Nikafungua kizibo cha ekseli ya nyuma, yakabubujika. Kikulacho ki nguoni mwako: sili, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zilikuwa zimekwisha, yanavujia ndani kwa ndani. Nikabadilisha sili, nikatoa upepo kwenye mabomba ya breki, nikajaribu, nikaondoka kifua mbele. Kesho yake mzee akagonga tangi la maji. Nikarudi, nikabadilisha pampu ya breki. Akagonga choo cha wajenzi, bahati nzuri kilikuwa kitupu. Sasa kibanda. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba breki naona ni nzima.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," akanijibu, akaenda kula.

Mwenye kijiko, tajiri mmoja anayeongea taratibu hata akikasirika, akaniita pembeni. "Fundi, kikigonga kitu tena nitatafuta mtu mwingine. Na wenzangu wakiniuliza habari zako, sitawaficha." Wenzake ndio wenye mashine zote za mji ule. Maana yake nifunge gereji nikauze mitumba.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kuegemea. "Baba hajawahi kugonga kitu maisha yake yote," mke wangu alisema huku akikunja nguo. Nikamwambia tena, breki ni nzima. Akasema basi kibanda kilijigonga chenyewe.

Asubuhi nilishika usukani mwenyewe. Nikakizungusha uwanja mzima, nikakanyaga breki, kikasimama papo hapo, nusura paji langu lipige kioo. Kijiko kina pedali mbili za breki: ya kushoto sawa, ya kulia sawa, zikiunganishwa pamoja sawa. Nikajaribu na kwenye mteremko. Kikasimama kama kimegandishwa. Nikashuka, nikampisha mzee.

"Endesha polepole, Baba. Mimi nitasimama hapa kwenye ngazi."

"Unanikagua?"

"Nakagua breki."

Akaondoa. Tulipokaribia lundo la mchanga nikamwambia asimame. "Nimekanyaga," akasema. Kijiko kikaendelea na safari zake. "Nimekanyaga, fundi, huoni?"

Nikainama, nikaona. Mguu wake wa kulia ulikuwa pembeni ya pedali, unakandamiza sakafu kwa nguvu zote mpaka goti linatetemeka. Usoni mzee ametulia, mtu aliyetimiza wajibu wake. Nikapenyeza mkono, nikavuta breki ya mkono. Tukasimama koleo likiwa ndani ya mchanga.

Akatazama chini. Akautazama ule mguu kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Vua buti, Baba."

Humwambii baba mkwe wako avue kiatu, ni utovu wa adabu. Nilimwambia, naye akavua. Msumari wa bati ulikuwa umezama kwenye soli mpaka kichwani, na soksi imegandana na damu iliyokwisha kuwa nyeusi.

"Hauumi?"

"Nini?" akauliza.

Nilikuwa nimemchukia mzee yule kwa muda mrefu, na kusema kweli nilikuwa namchukia kwa raha zangu. Pale niliushika ule mguu wake kwa mikono miwili.

"Zahanati walinipima wakasema nina sukari," akasema baadaye. "Nikawaambia nina kazi."

Tajiri akaja, mikono mfukoni. "Haya fundi, umepata ugonjwa wake?"

Nikisema breki ni nzima, mzee anashushwa kitini mbele ya watu aliowafundisha kazi. Nikisema ni mbovu, kijiko kinaegeshwa, hakuna anayeumia, na mzee anabaki na heshima yake. Gereji yangu ndiyo kwaheri. Nikamtazama mzee, ameshika buti mkononi.

"Breki hizi zimenishinda, bosi," nikasema. "Mtu asikiguse."

Tajiri akatikisa kichwa, akatoa simu. Nilijua anamtafuta fundi mwingine.

"Weka simu," baba mkwe akasema. "Huyu mkwe wangu ni mwongo. Breki ni nzima. Mguu ndio mbovu, na mguu si kazi yake."

Akachomoa ufunguo, akaufuta kwenye suruali, akampa tajiri. Kisha akakaa palepale kwenye ngazi ya kijiko na kulia, bila kujificha. Tajiri akageuka akawa anaangalia geti.

Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari langu, tukashika njia ya hospitali. Kwenye tuta la kwanza nikapunguza mwendo.

"Unachelewa kukanyaga," akasema.

Nikamwambia ni kweli, Baba, nitajirekebisha.