Mawe ya Mzee Bafuni

Mume wangu alipostaafu udereva, wenzake walimchangia mawe. Naam, mawe! "Mawe hai," alinisahihisha, ya kuweka kwenye tangi la samaki wa maji ya chumvi. Eti yana vijidudu vinavyosafisha maji. Ila vingine vilikuwa vimekufa safarini, na lazima vioze viishe kabla samaki hawajaingia. Vikaozee wapi? Kwenye pipa, bafuni kwangu.

Wiki ya tatu uvundo ulifika hadi kwenye nguo ninazoshonea watu. Mteja mmoja alinusa kola ya gauni lake, akanitazama kwa jicho la pembeni. Maji yakanifika shingoni.

"Mzee, Jumamosi yakiwa bado yananuka, nayatupa jalalani."

"Mama, usinifanyie hivyo. Ndiyo kazi niliyobaki nayo."

Moyo uliniuma, lakini pua nayo ina haki yake.

Jumamosi, alipotoka kwenda dukani, nikakunja mikono ya gauni, nikainua jiwe la kwanza. Lilikuwa na utando mweupe wa kuteleza, na harufu yote ilikuwa hapo. Kwenye kijitundu, kaa mdogo kama punje ya hindi akaninyooshea gando. Ananitisha mimi, nyumbani kwangu! Nikacheka peke yangu.

Kumtupa nikashindwa. Nikachukua mswaki mpya, nikachota maji ya chumvi kwenye ndoo ya Mzee, maana nilishaambiwa mara mia kwamba maji ya bomba yanaua, nikaanza kusugua.

Mzee akanikuta nimechuchumaa. Mfuko ukamdondoka.

"Umeyaosha?"

"Kwa maji yako. Wewe unayabembeleza kama mayai, uozo utatokaje?"

Akakaa chini, akakiri kwamba muuzaji alimwambia asugue, ila aliogopa kuua vilivyo hai. Tukasugua wote hadi mchana.

Siku ya tisa baada ya hapo akapima maji ya pipa kwa kichupa chake cha dawa inayobadilika rangi maji yakiwa na sumu ya uozo. Rangi ya sumu haikutokea, na bafu lilinukia bahari tu. Furaha ilimjaa hadi akakosa pa kuiweka.

Tangi, lingali tupu, alikuwa ameliweka koridoni ili lisinikere. Nikamwambia alilete chumbani ninakoshonea.

"Una hakika?"

"Miaka thelathini nimeshona peke yangu, wewe uko barabarani. Kama ni kukodolea mawe macho, njoo ukodolee hapa."