Kompyuta Iliyobaki Nyuma

Kiwandani walimwita Dakika, na hakuchukia. Mlinzi huyo wa lango hakuwahi kuchelewa zamu hata siku moja; wafanyakazi walirekebisha saa zao wakimwona anatokeza, na wenye utani walisema hata chafya yake ina ratiba. Ndiye aliyemtafutia kazi pale fundi wa kompyuta, mtoto wa dada yake.

Fundi alikabidhiwa kompyuta ya mfumo wa Linux iliyohifadhi picha za kamera na kuziandika saa. Ilifungiwa chumba cha nyuma, na hakuna aliyeitazama mpaka kuwe na shida. Siku meneja alipofoka kwamba bando linaisha kama maji, fundi alizima kila kilichogusa intaneti, pamoja na ile huduma ndogo inayochukua saa sahihi mtandaoni. Haikuwa ikila data ya maana, naye alijua. Aliizima tu ili aonekane amefanya kazi. Tangu hapo saa ya kompyuta ikawa inabaki nyuma kidogo kidogo, kimyakimya.

Mwaka uliofuata vipuri viliibwa ghalani. Picha za korido zilimwonyesha Dakika akitundika funguo na kuondoka saa kumi na moja alfajiri, wakati zamu yake huisha saa kumi na mbili.

"Mpwa wangu, mimi niliangalia saa yangu kabla sijatoka," Dakika alimwambia fundi siku aliyofukuzwa. Akaivua mkononi. "Hebu ikague. Labda ndiyo inayonidanganya."

"Kamera haisemi uongo, mjomba," fundi alijibu, macho chini. Akaitia ile saa kwenye droo, akaisahau. Ndiyo, aliisahau, saa ya mtu aliyempa ugali wake!

Miezi ikapita. Dakika akaugua, akazikwa. Kisha kiwanda kikavuta intaneti isiyo na kikomo, na fundi akaiwasha tena ile huduma. Saa ya kwenye skrini ikaruka mbele kwa saa nzima na ushei. Alifungua droo: saa ya mjomba wake ilikuwa bado inatembea, na ilipatana na skrini.

Hakumngoja meneja. Alikwenda moja kwa moja kwa mke wa mjomba, akamkuta anafagia, akamweleza yote bila kujitetea.

"Kwa hiyo hakutoroka lindo?"

"Hakutoroka, mama. Kosa ni langu."

Mjane aliuegemeza ufagio ukutani, akakaa.

"Alibishana na kila mtu," alisema. "Ila wewe ulipomwambia kamera haisemi uongo, alinyamaza. Alisema, 'Mpwa wangu ndiye anayezijua hizo mashine.' Siku ya mwisho akaniomba radhi kwa aibu aliyotuletea. Akasema, 'Nilitoka mapema, mke wangu, ila sikumbuki.'"

Alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Nami nikamsamehe."