Bakuli la Catinca

Kazi yangu ya ushauri shuleni ni kuwauliza wanafunzi maswali ambayo wazazi wao huyakimbia. Unaota ndoto za kukutisha? Kuna wakati unajiona kama uko mbali na mwili wako? Catinca, msichana wa miaka kumi na sita, aliyajibu yote "hapana" kwa adabu, macho yake yakiwa dirishani. Nilipomwacha afikiri, bibi yake Paraschiva alidakia.

"Huyu mzima kabisa, binti yangu. Anakula, analala. Kuduwaa ndiyo tabia yake, hata marehemu mama yake alikuwa hivyohivyo."

"Mama Paraschiva, nimemuuliza yeye."

"Na mimi nakujibu. Unataka kijiji kiseme mjukuu wangu kichaa?"

Nilikasirika, lakini bila hata "ndiyo" moja singeweza kumpeleka kwa daktari wa akili kule Chișinău, mji mkuu wa Moldova yetu. Kipupwe kilichopita, basi dogo walilopanda lilipinduka wakirudi kutoka Italia, Catinca ameketi ubavuni mwa mama yake. Mama alikufa, mtoto akatoka bila mchubuko. Kijiji kizima kikamwita mwenye bahati. Bahati gani hiyo, jamani?

Jumamosi ya wafu, siku ya kanisa ya kuwaombea marehemu, Paraschiva aligawa sadaka uani kwake. Kwetu mtoaji hukukabidhi bakuli, mkate na mshumaa, akataja roho ya marehemu, nawe ukaitikia "Mungu amrehemu" papo hapo. Ulimi umeshazoea, hausubiri akili. Bakuli langu alilileta Catinca.

"Pokea, mwalimu. Kwa roho ya Catinca."

"Mungu amrehemu," nikaitikia.

Nilikuwa nimeshamaliza ndipo nikasikia jina. Catinca alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Asante," akasema taratibu. "Bibi humtaja mama peke yake. Na mimi nilifia palepale. Huyu anayekula na kulala humu ndani, simjui."

Paraschiva alikuwa nyuma yetu na sinia la mikate. Alilitupa, akalivuta bakuli mikononi mwangu.

"Mrudishie. Mrudishie mtoto bakuli lake."

"Sadaka hairudishwi, bibi," Catinca akasema. "Si wewe uliyenifundisha?"

Bibi wa watu aliketi mavumbini na kitambaa chake kizuri cha kanisani. Nililia bila kujificha, mshumaa ukinidondokea mkononi.

"Muulize tena yale maswali yako, binti yangu," Paraschiva akaniambia. "Sitatia neno."

Catinca akainama, akamshika bega bibi yake kwa upole, jinsi tunavyowashika wafiwa.

"Pole, bibi," akamwambia.