Swali la Kendi

"Baba, choo chako siku hizi ni cha rangi gani?"

Ala! Nilikuwa nimeketi uani kwangu Mikinduri, nikifunga miraa kwa majani ya ndizi pamoja na wanaume wenzangu. Abdirizak, mnunuzi wetu kutoka Maua, alikuwa ameegemea gari lake akisubiri mzigo. Aliyeuliza ni Kendi, binti yangu wa kumzaa, na aliuliza kwa Kimeru, lugha ambayo maneno hayo yana harufu. Kwetu baba na binti huzungumza habari za karo, ng'ombe na kanisa. Ya chini ya mshipi hayatajwi kabisa. Mikono yote ikasimama, wanaume wakakodolea macho majani ya ndizi.

"Nenda ukamsaidie mama yako jikoni," nikamwambia.

Nikainuka ili amri iwe na uzito, na ua mzima ukazunguka. Nikashika nguzo. Kendi akaliona hilo. Msichana huyu huona kila kitu. Macho alirithi kwa mama yangu.

Tumbo lilikuwa limenisumbua tangu mvua za mwisho. Liliwaka hapa, chini ya kifua, hasa nikiwa na njaa, nami nikazoea kulizima kwa maziwa. Goti nalo liliuma, nikawa nalituliza kwa vidonge vya dukani, tena bila kula kitu, maana anayetafuna miraa hana hamu ya chakula. Choo kilipogeuka cheusi, nikasema ni njahi, yale maharage yetu. Mke wangu Karimi hupika njahi kila Jumapili, na njahi ni nyeusi. Ajabu iko wapi? Nilijitibu kwa maelezo hayo na nikaridhika nayo.

Kendi hakwenda jikoni. Aliingia chumbani kwake, na alipotoka alikuwa amevaa sare ya wanafunzi wa uuguzi, ile aliyokuja nayo kutoka chuoni Nchiru ili aifue, bado ina unyevu mabegani. Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akashusha kope langu la chini kwa kidole gumba na kutazama ndani. Sikumbuki mtoto wangu kunigusa uso tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Kisha akanisemesha kwa Kiswahili, lugha ya hospitali, ambayo sisi wawili hatujawahi kuitumia nyumbani.

"Mzee Kobia, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Choo chako ni cha rangi gani?"

Sauti yake haikutetemeka. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikisokota pindo la sare. Nikaona kwamba ananiogopa, ananiogopa sana, na bado ameketi pale pale. Je, mimi katika umri wake ningeweza kuketi mbele ya baba yangu namna ile? Wapi! Fahari ikaja kukaa palepale hasira ilipokuwa imekaa.

"Cheusi, sista," nikasema. "Cheusi kama lami, na kinanata."

"Kinanuka kuliko kawaida?"

"Usiniulize. Hata mbwa hukimbia."

Hakucheka. "Hiyo ni damu, mzee. Ikivuja tumboni, hadi ifike chini huwa imegeuka nyeusi. Una kidonda kinachotoka damu, na ukingoja kesho, huenda tukakuzika." Akamgeukia Abdirizak. "Tafadhali shusha miraa. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Abdirizak, mtu ambaye mzigo ukichelewa sauti yake hufika Maua kabla yake, alishusha miraa yote kwa mikono yake mwenyewe bila neno.

Mjini walinipitishia mpira wenye kamera kooni, wakakiona kidonda, wakakifunga, wakaniongezea damu. Asubuhi yake daktari akaniuliza nani aliniwahisha.

"Muuguzi wangu," nikasema.

"Anafanya kazi kituo gani?"

Nikamwonyesha Kendi, amesinzia kwenye benchi, sare imekunjamana, mdomo wazi. "Bado anasoma," nikasema, na nilihakikisha wodi nzima imenisikia.

Mwezi uliopita alinijia Mukiri, mzee wa kanisa kutoka ng'ambo ya mto, kofia mkononi. Alisifu ng'ombe wangu, akalaumu mvua, akawasifu tena ng'ombe wale wale. Mwishowe akauliza, macho chini, kama yule msichana yuko nyumbani, kwa sababu kuna jambo dogo, si jambo hasa, ni tumbo tu.

"Yupo," nikasema. "Na umweleze yote, usifiche. Mimi ni baba yake na nilimweleza."

Nikampa kiti changu, nikamwita Kendi, kisha nikaenda zangu upande wa zizi, kifua mbele, mbali kiasi cha kutosikia neno.