Hadithi Walizosimuliwa Wengine

Chumba cha watoto katika maktaba ile zamani kilikuwa stoo ya magazeti. Aliyekifanya kiwe chumba ni Anti Vitabu. Aliomba mkeka huku, akaomba mito kule, akapaka kuta rangi ya manjano kwa mkono wake, akakata miguu ya rafu kwa msumeno ili mtoto wa miaka mitatu achukue kitabu mwenyewe bila kubebwa. Jina hilo alipewa na watoto, wakubwa nao wakalidaka, hata mkuu wa maktaba akawa anamtambulisha hivyo mbele ya wageni wa heshima.

Kila Jumamosi asubuhi aliendesha saa ya hadithi, na kila Jumamosi ilikuwa na mada yake. Hakuwa mtu wa kuokota kitabu chochote na kusoma. Mada ikiwa mvua, wimbo wa kuingilia ulikuwa wa mvua, vitabu viwili vilikuwa vya mvua, kimoja cha kuchekesha na kimoja cha kutuliza. Katikati aliweka mchezo wa kuruka madimbwi, maana mtoto mdogo akikalishwa sana makalio humwasha. Mwisho kila mmoja alibandika mwavuli wake wa karatasi na kwenda nao nyumbani. Mada alizipanga miezi kabla, akala nazo, akaoga nazo.

Alikuwa ameshavuka arobaini na aliishi peke yake, mpaka mama yake alipostaafu uuguzi, goti likawa linamsumbua, akahamia kwake. Wakaishi kwa heshima kama wapangaji wawili wa nyumba moja. "Umeamkaje?" "Salama. Chai ipo." Ugomvi haukuwepo, na mazungumzo hayakuwepo. Ndivyo walivyozoeana tangu mwanzo. Katika utoto wake, mama alikuwa mtu wa zamu: mtoto akitoka, mama anaingia, mama akitoka, mtoto anaingia. Akirudi anavua viatu vyeupe mlangoni, anajitupa kitandani. "Usipige kelele, mwanangu, kichwa kinaniuma." Mtoto akajifunza kusoma mapema ili naye awe na wa kuongea naye.

Sasa mama, kwa kuchoka kukaa bure, alianza kumsaidia kukata maumbo ya karatasi. Alikuwa na mkono wa muuguzi, mkasi ukipita umepita. Wiki ya mada ya viatu alikata soli za rangi sita, akasema, "Na mimi nije nione zinavyobandikwa." Akaja, akakaa pembeni karibu na dirisha.

Asubuhi hiyo kila mtoto alikuwa ameambiwa aje na kiatu kimoja cha ziada kutoka nyumbani. Wimbo umeimbwa, kitabu cha kwanza kimesomwa, mara mkuu wa maktaba akachungulia mlangoni na kumwita Anti Vitabu aje asalimie wageni.

"Mama, nishikie hawa kidogo," alisema. "Waimbishe chochote."

Wageni hawakuwa na haraka. Aliporudi, akiwa bado ukumbini, kitu kilimshtua: kimya. Si kile cha watoto wanaofanya uharibifu, hicho alikijua. Hiki kilikuwa kimya cha watoto waliosahau kwamba wana miguu.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kile kiti kifupi cha msimulizi, magoti yamekaribia kidevu, ameweka ndala ya mtoto sikioni kama simu. Ndala ya kushoto ilikuwa inamshitaki mwenzake wa kulia, kwamba yeye ndiye anayekanyagishwa tope kila siku. Mama aliongea kwa sauti ya chini, yenye kona nyingi, inapanda ghafla, inajificha, inatoka upande usioutegemea. Mtoto mmoja alikuwa ameacha mdomo wazi, mate yanamdondoka.

Anti Vitabu alikuwa binti wa mwanamke huyo maisha yake yote. Sauti ile hakuwahi kuisikia.

"Haya, jamani," alisema, akipiga makofi, "tuendelee na kitabu cha pili..."

"Anti, subiri!" Mmoja wa mapacha wawili waliokaa mbele alinyoosha kiganja bila hata kugeuka. "Bibi hajamaliza!"

Akasubiri. Alisimama mlangoni mwa chumba chake mwenyewe kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Kuanzia hapo Bibi akawa na nafasi yake kila Jumamosi. Mkuu wa maktaba alimwambia Anti Vitabu, "Huyu mama ni hazina. Ulimficha wapi siku zote?" Anti Vitabu akacheka, meno tu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu aliugua. Watoto waliokuwa wakimkimbilia yeye na kumkumbatia mapaja sasa walimpita kama nguzo, "Shikamoo Anti," huku mbio zikiishia kwa Bibi. Alijiona anahesabu nani kamkumbatia nani, akajichukia, akaendelea kuhesabu.

Akajaribu kushindana kwa alichokijua, yaani kupanga. Kwa mada ya usafiri aliunganisha maboksi, akayapaka rangi, akayatia magurudumu ya vifuniko vya ndoo, ikawa treni ya kuingia watoto wote. Mgongo ulimuuma siku kadhaa. Watoto wakapanda, wakapiga honi, wakafurahi kweli. Kisha kitoto kimoja kikatoa kichwa dirishani na kuuliza, "Hili treni linatupeleka kwa Bibi?"

Angeweza kuumeza wivu huo. Wivu wa kazini una dawa zake. Lakini Jumamosi iliyofuata baba mmoja, mpiga picha za harusi, alimleta binti yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa anamvua mtoto viatu mlangoni aliposikia sauti ya Bibi, akaacha kiatu kimoja mguuni.

"Sista?" alisema. "Sista wa wodi ya watoto?"

Bibi akamtazama. "Mguu wa juu," alisema taratibu. "Kitanda cha ukutani."

"Ndiye mimi!" Mtu mzima yule alikaribia kulia. Alimgeukia Anti Vitabu, maana ndiye aliyekuwa karibu. "Dada, hujui. Mguu wangu ulikuwa umening'inizwa, siwezi hata kugeuka. Huyu mama alikuwa anamaliza zamu, sare ameshavua, mkoba begani, lakini haondoki. Anakaa kitandani kwangu anatusimulia wote. Ya mamba mwenye jino bovu. Ya kobe aliyetumwa chumvi. Wakati mwingine mpaka taa za nje zinawashwa. Ingekuwa si yeye..."

Anti Vitabu alisema, "Kumbe," akaenda kupanga gundi ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Baada ya zamu. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa anawasimulia akiwa kazini, sawa, kazi ni kazi. Lakini sare imeshavuliwa na mkoba uko begani, na nyumbani kuna mtoto amekaa kwenye kizingiti anatazama kona ya barabara. Zile saa zilikuwa zake. Ziligawiwa wengine, yeye akapewa maumivu ya kichwa.

Mada iliyofuata ilikuwa usingizi. Watoto walitakiwa kuja na nguo za kulalia na shuka, chumba kitiwe giza kidogo, hadithi zisomwe kwa sauti ya chini. Ilikuwa mada aliyoipenda kuliko zote. Ijumaa jioni, akiwa anakunja mapazia meusi, alisikia mdomo wake unasema, "Mama, kesho pumzika tu. Hakuna hadithi. Wanapaka rangi ukumbini."

"Haya," mama alijibu. "Goti nalo lilikuwa linadai."

Asubuhi watoto walipouliza Bibi yuko wapi, uongo wa kwanza ulikuwa unahitaji mwenzake. "Bibi anaumwa," alisema. Kisha akasoma vizuri kuliko siku zote. Watoto wawili walisinzia kweli. Akarudi nyumbani mchana ameshiba ushindi, mpaka alipofungua mlango.

Sebuleni alikuwepo mama wa wale mapacha, mwanamke mwema mpaka anachosha, na mapacha wenyewe bado na nguo zao za kulalia, na mfuko wa machungwa juu ya meza. Wamekuja kumwona mgonjwa. Na mgonjwa alikuwa kwenye kochi, amejifunika shuka mpaka shingoni katika joto lile, anakohoa.

"Pole na kuuguza, dada," alisema mama wa mapacha. "Tumemkuta yuko nje anaanika nguo, nikamwambia, bibi, ugonjwa na jua wapi na wapi? Ndipo akakubali kulala."

"Ubishi," alisema mama yake kwa sauti dhaifu. "Binti yangu amenikataza, sikusikia." Akakohoa tena, kikohozi cha mtu aliyesikiliza vifua vya watu miaka mingi.

Wageni waliondoka. Mama akatoa shuka, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka magotini.

"Naumwa nini?" aliuliza. "Nijue mapema, nisije nikajichanganya wakiniuliza."

Anti Vitabu alibaki amesimama na mkoba wake begani. Maneno ya kuomba radhi yalikuwepo, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ulikuwa unabaki baada ya zamu."

Mama hakuuliza baada ya zamu ipi. "Yule wa mguu amekwambia."

"Nilikuwa nakusubiri kwenye kizingiti. Kila siku. Nikiwasikia watu wanapita, najua viatu vyako havimo. Ukifika, kichwa kinakuuma."

"Kilikuwa kinauma kweli." Mama alisugua shuka kwa kidole gumba. "Wale walikuwa wagonjwa, mwanangu. Wengine nikiondoka sikuwa na hakika nitawakuta. Nikifika nyumbani nakukuta wewe mzima, umekula, umeshika kitabu. Nilikuwa nikikuona nashusha pumzi. Nilidhani mtoto mzima hadai kitu."

"Nilikuwa nadai."

"Sasa naona."

"Nawaonea wivu, Mama." Alikaa, si kwenye kiti, palepale sakafuni karibu na machungwa. "Nawaonea wivu watoto wanaojikojolea. Namwonea wivu mtu aliyevunjika mguu! Na wewe nakuonea wivu. Kile kiti nimekitafuta miaka, wewe umekikalia siku moja kikawa chako."

Angependa mama acheke au alie. Mama hakufanya hata kimoja. "Kiti ni chako," alisema. "Sirudi tena pale."

"Sijasema usirudi."

"Umesema. Umesema wanapaka rangi."

Na kweli hakurudi. Jumamosi zikapita. Watoto walimuulizia Bibi, wakamuulizia tena, kisha wakaacha, kama watoto wanavyoacha, wakarudi kumkumbatia Anti Vitabu mapaja. Alikuwa amepata alichokitaka, na kilikuwa na ladha ya maji ya mchele. Nyumbani wakarudi kwenye "Umeamkaje" na "Chai ipo", ila sasa kila mmoja alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa membamba.

Mpaka mchana mmoja Anti Vitabu alikwama. Alikuwa mezani anatafuta mada mpya, ameandika "ndege", amefuta, ameandika "rangi", amefuta. Mama alikuwa upande wa pili anachambua maharage kwenye ungo.

"Wale wa wodini," Anti Vitabu aliuliza bila kuinua kichwa, "walikuwa wanaogopa nini zaidi? Sindano?"

"Sindano wanalia, inaisha." Mama alitupa kijiwe. "Walikuwa wanaogopa saa ya wageni. Mlango ukifunguliwa kila mtu anatazama. Kusubiri ndiko kulikowamaliza."

Kalamu ilisimama. Kisha Anti Vitabu akaandika: kusubiri. Akaanza kuongea haraka, kama afanyavyo kazi ikimkamata. Wimbo wa kuingilia uwe wa kujificha na kutokea. Katikati wapande mbegu kwenye vikopo, wajue kwamba vitu vingine haviji leo. Kitabu cha kuchekesha anacho, yule nguruwe kwenye foleni ya kinyozi. Cha kutuliza hana.

"Ipo ya kobe aliyetumwa chumvi," alisema mama. "Mwanawe anamsubiri kisimani. Lakini haimo kwenye kitabu."

"Basi utakuja kuisimulia wewe."

"Nikae wapi?"

Anti Vitabu alifikiri, na kufikiri huko kulikuwa kwa uaminifu. "Kwenye mkeka," alisema. "Kiti nakaa mimi."

"Goti langu na mkeka?"

"Nitakuletea mto. Na si kila Jumamosi, Mama. Mara moja kwa mwezi. Zaidi ya hapo siwezi, nitakuchukia."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyeambiwa bei ya haki. "Mara moja kwa mwezi," alikubali.

Anti Vitabu angeweza kuishia hapo. Mada imepatikana, mpango umekaa sawa. Lakini alifunika kalamu, akavuta kiti chake mpaka upande wa mama.

"Nisimulie kwanza mimi."

"Sasa hivi? Mtu mzima, mvi hizo?"

"Sasa hivi."

Mama akaweka ungo pembeni, akafuta mikono kwenye gauni. Akainamisha kichwa, na alipokinyanyua, ilikuwa ile sauti, ya chini, yenye kona. Kobe alikuwa ameshafika njia panda Anti Vitabu alipomkatiza.

"Hii umewasimulia wangapi kabla yangu?"

Mama hakudanganya. "Wengi sana, mwanangu."

Ikamchoma, palepale chini ya mbavu, kama siku ya kwanza. Aliacha imchome. Akaegemeza kichwa kwenye bega lililonuka sabuni na vumbi la maharage.

"Haya," alisema, "endelea."